Goti limevimba, jicho halilalamiki: je, tupime jeni za mtoto?

Wapendwa madaktari wa safu hii,

Jambo sana. Niko hapa Lubumbashi, commune ya Katuba, mama wa watoto watatu. Ninaandika kwa ajili ya binti yangu wa pili, ana miaka 4.

Alipokuwa na miaka miwili na nusu, goti lake la kushoto lilivimba. Asubuhi alikuwa anaamka akichechemea, ikifika saa nne anakimbia na wenzake. Tulimtibu malaria, tukamtibu tifoidi, tukampima SS (selimundu) ikatoka AA. Baadaye kifundo cha mguu wa kulia nacho kikavimba. Miezi minane iliyopita daktari wa watoto alituambia ni baridi yabisi ya watoto. Alimchoma sindano ndani ya goti, akampa ibuprofeni, na sasa anatembea vizuri. Kwenye majibu ya labo waliandika AAN chanya 1/320, na facteur rhumatoïde hasi.

Daktari alisema pia tumpeleke kwa daktari wa macho. Kwa kweli hatukwenda. Macho yake ni meupe, hayatoi machozi, na huwa ananisaidia kuchagua mawe kwenye mchele.

Sasa shemeji yangu aliye Ubelgiji ametupigia simu. Anasema kuna jeni zinazoonyesha kama mtoto wa namna hii ataharibika macho, tumpime HLA, hasa HLA-B27, maana baba yake anaumwa mgongo tangu ujanani. Labo moja hapa inaomba dola 180 ili ipeleke damu Ulaya. Mama mkwe naye anasema ugonjwa umetoka upande wangu, kwa sababu shangazi yangu ana vidole vilivyopinda. Pesa tuliyo nayo inatosha jambo moja tu: ama kipimo cha jeni, ama daktari wa macho na usafiri. Tufanye lipi? Na mdogo wake wa miezi tisa, naye ataugua?

Mama wa Katuba

JIBU

Mama, pesa hiyo ipelekee macho. Usingoje mwezi ujao, mpeleke wiki hii. Mtoto aliyeambiwa ana baridi yabisi anatakiwa achunguzwe macho ndani ya wiki 6 hivi, na wa kwako amekwisha kukaa miezi minane. Hatusemi hivyo ili kukulaumu. Ugonjwa huu wa macho una tabia ya kunyamaza, na ndiyo maana wazazi makini kama wewe huachwa nyuma.

Tuanze na hilo la kunyamaza. Ndani ya jicho, nyuma ya konea (kile kioo cha mbele), kuna chumba kidogo chenye maji safi. Kwa watoto wenye baridi yabisi ya viungo vichache, kinga ya mwili inaweza kuvamia irisi, yaani duara lenye rangi linalozunguka mboni, na chembe nyeupe zikaanza kuelea katika maji hayo. Ugonjwa huo ni uveiti ya mbele ya kudumu. Jicho halionekani jekundu, haliumi, halitoi tongotongo. Mtoto wa miaka 4 hana namna ya kujua kwamba anaona ukungu, kwa sababu hakumbuki kuona vingine. Na jicho moja likiwa zima, atachagua mawe kwenye mchele bila shida yoyote. Wakati wa kiangazi hapa kwetu, vumbi linapofanya macho ya watoto kuwa mekundu, watu hukimbilia duka la dawa. Kwa binti yako, jicho jeupe lisikupe amani.

Likiachwa, irisi hugandamana na lenzi na mboni hupoteza umbo lake la mviringo. Chokaa hutanda kwenye konea kama utepe mweupe. Baadaye huja mtoto wa jicho, presha ya jicho (glakoma), na uvimbe wa retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga). Mzazi anapoanza kuona alama kwa macho yake mwenyewe, mara nyingi uharibifu ni wa zamani.

Sasa jeni. Shemeji yako hakudanganya, zipo. Ila zinajibu swali tofauti na lile linalokuhusu leo.

HLA ni kundi la jeni kwenye kromosomu ya 6. Hutengeneza protini zinazokaa juu ya seli na kuzionyesha chembe nyeupe za damu vipande vidogo vya protini nyingine, ili zitambue kilicho cha mwili na kilicho kigeni. Kila mtu hupata seti moja kwa mama na moja kwa baba. Kwa watoto wadogo wenye baridi yabisi ya viungo vichache, watafiti wamekuta aina fulani zinajitokeza zaidi, zikiwemo DRB1*11, DRB1*08 na DPB1*02:01. DRB1*11 ndiyo imetajwa sana kuhusu macho. Mwaka 2018 watafiti walikwenda ndani zaidi wakaona kwamba asidi amino moja (kipande kidogo cha kujengea protini), serini, ikikaa nafasi ya 11 ya protini ya DRB1, inaambatana na uveiti kwa wasichana, lakini si kwa wavulana. Ni ugunduzi wa maana kwa wanaotafuta chanzo cha ugonjwa.

Lakini ulete karatasi hiyo nyumbani Katuba, itakusaidia nini? Kundi la DRB1*11 ni la kawaida kwa watu wa Afrika, na serini ile ya nafasi ya 11 hubebwa na watu wengi sana ambao hawataugua kamwe, si viungo wala macho. Karibu tafiti zote hizo zimefanywa kwa watoto wa asili ya Ulaya. Majibu yakitoka "chanya", mtoto wako atapimwa macho kila miezi 3. Yakitoka "hasi", bado atapimwa macho kila miezi 3. Kipimo kisichobadilisha hatua inayofuata hakistahili dola 180 za familia.

Hatari ya binti yako tayari inajulikana, na umeiandika wewe mwenyewe katika barua: ugonjwa ulianza kabla ya miaka 7, viungo ni vichache (hadi vinne katika miezi 6 ya kwanza), AAN (kingamwili zinazoelekea viini vya seli za mwili wenyewe) ni chanya, na hajamaliza miaka 4 tangu viungo vianze. Ni msichana pia. Huyo ni mtoto wa kundi la hatari ya juu. Ulaya na Amerika Kaskazini, katika watoto wote wenye baridi yabisi, uveiti huwapata kama 1 kati ya 10 hadi 1 kati ya 5, na kwa kundi la binti yako uwezekano ni mkubwa zaidi. Wengi wao huanza ndani ya miaka 4 ya kwanza ya ugonjwa wa viungo. Wachache macho hutangulia hata kabla ya goti.

Kuhusu hiyo AAN, uliza labo walitumia njia gani. Inayotakiwa ni immunofluorescence kwenye seli za HEp-2, ndiyo inayotoa namba kama 1/320. Kipimo cha ELISA si sawa nacho, na huweza kutoa hasi kwa mtoto ambaye ni chanya. Kipimo hurudiwa baada ya miezi 3 au zaidi, kwa sababu malaria na maambukizi mengine huweza kuiwasha AAN kwa muda. Ikitoka hasi mara ya pili, usimwondoe mtoto kwenye ratiba ya macho. Wapo watoto wenye AAN hasi waliopata uveiti.

HLA-B27 ni habari nyingine kabisa. Inaambatana na baridi yabisi ya wavulana wakubwa kidogo, zaidi ya miaka 6, wanaoumwa visigino, nyonga na mgongo wa chini. Uveiti yao haijifichi: jicho huwa jekundu ghafla, linauma, halivumilii mwanga, kwa kawaida moja kwa wakati. Binti yako hayuko katika picha hiyo. Na jeni hiyo, ambayo kaskazini-magharibi ya Ulaya hubebwa na kama watu 8 kati ya 100, kwa watu wetu wa Afrika ya kati ni adimu mno, haifiki hata 1 kati ya 100. Wagonjwa wetu wengi wenye mgongo wa aina hiyo hawana B27 kabisa. Kwa hiyo hata baba yake akipimwa akatoka hasi, hajaondolewa shaka. Yeye aende kwa daktari kama mgongo unamwamsha usiku, asubuhi umekakamaa zaidi ya nusu saa, na unalegea akitembea kuliko akipumzika. Apigwe picha ya nyonga na viungo vya sakroiliaki (mgongo unapoungana na nyonga).

Kwa mama mkwe, mweleze hivi kwa heshima. Lubumbashi tumezoea kufikiri urithi kwa mfano wa SS: jeni moja, baba AS, mama AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa SS. Baridi yabisi ya watoto haiendi hivyo. Jeni ni nyingi, kila moja inachangia kidogo, nusu zinatoka kwa baba na nusu kwa mama, kisha kuna kitu kingine nje ya jeni ambacho lazima kiongezeke. Hata katika mapacha wanaofanana kabisa, wenye jeni zile zile, mmoja akiugua, katika jozi zilizo nyingi mwenzake haugui. Na vidole vya shangazi, kama alianza ukubwani, karibu hakika ni ugonjwa mwingine.

Turudi kwenye macho, maana hapo ndipo kazi ilipo. Chombo kinachohitajika ni lampe à fente: darubini yenye mwanga mwembamba unaopita katika chumba cha mbele cha jicho, ambamo chembe huonekana zikielea. Tochi haitoshi. Kusoma herufi ukutani hakutoshi. Duka la miwani lenye mashine ya kupima namba za lenzi pia halitoshi, hata kama wamekuandikia "macho mazuri". Uliza katika idara ya macho ya Cliniques Universitaires, au kliniki nyingine ya macho mjini, na kabla hujapanda teksi piga simu uulize maswali mawili: lampe à fente inafanya kazi leo? Daktari wa macho mwenyewe yupo?

Mtoto wa miaka 4 kidevu chake hakifiki kwenye kishikio. Apige magoti juu ya kiti, au akae mapajani mwako huku mtu mwingine akimshika kichwa kwa nyuma taratibu. Nyumbani, siku mbili tatu kabla, mchezeshe mchezo wa kuweka kidevu juu ya ngumi zako mbili na kutazama sikio lako bila kusogea hadi uhesabu kumi. Mpeleke asubuhi, ameshakula, kabla ya saa yake ya kulala. Akilia sana siku ya kwanza, usikubali kuondoka na neno "ameshindikana". Omba siku nyingine ya karibu.

Chembe zihesabiwe kabla ya kutia matone ya kupanua mboni, kwa sababu matone hayo huweza kumwaga rangi ya irisi katika maji na kuchanganya hesabu. Baada ya hapo ndipo mboni ipanuliwe ili daktari aone kama irisi imegandamana, na aangalie lenzi na nyuma ya jicho.

Usitoke na neno "ni sawa". Nunua daftari moja la macho tu, na kila safari uombe yaandikwe, jicho la kulia peke yake na la kushoto peke yake: uoni (kwa picha au herufi E, jicho jingine limefunikwa), Tyndall, yaani kiwango cha chembe, synechies, yaani irisi iliyogandamana, zipo au hazipo, na presha ya jicho, ambayo kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21 mmHg. Tyndall 0 ndiyo tunayoitaka. 0,5+ ni chembe 1 hadi 5 katika eneo la milimita 1 kwa 1. 1+ ni 6 hadi 15. 2+ ni 16 hadi 25. 3+ ni 26 hadi 50. 4+ ni zaidi ya 50. Daftari hilo litakuokoa siku daktari anapobadilika.

Ratiba yake, ikiwa Tyndall ni 0, ni hii: kila miezi 3 mpaka afikishe miaka sita na nusu, yaani miaka 4 tangu goti lianze. Kisha kila miezi 6 mpaka miaka tisa na nusu. Kisha kila mwaka. Wako madaktari wanaotaka iwe karibu zaidi mwanzoni. Uingereza huanza kwa kila miezi 2 katika nusu mwaka wa kwanza. Wazazi wengi huteleza mahali pamoja: goti likipona, safari za macho zinakatwa. Goti na jicho havifuatani. Goti linaweza kuwa limetulia mwaka mzima jicho likiwa linawaka.

Ikiwa chembe zitaonekana, kwanza daktari ahakikishe si ugonjwa mwingine wenye kuleta uveiti, hasa kifua kikuu na kaswende, na apime VVU kabla ya dawa zinazoshusha kinga. Matibabu huanza na matone ya prednizoloni asetati 1%, mara nyingi kwa siku mwanzoni, kisha yanapunguzwa hatua kwa hatua, pamoja na matone ya kupanua mboni ili irisi isigandamane. Chupa ya prednizoloni asetati itikisike vizuri kila mara, kwa sababu dawa hukaa chini kama unga. Asiyetikisa anamtilia mtoto karibu maji matupu, kisha daktari anadhani dawa imeshindwa. Tone moja linatosha. Bonyeza pembe ya jicho karibu na pua kwa dakika 1 au 2. Ngoja dakika 5 kabla ya tone la aina nyingine. Chupa iliyofunguliwa itupwe baada ya wiki 4. Usikate matone ghafla hata akionekana mzima, na kila yanapopunguzwa jicho litazamwe tena ndani ya mwezi mmoja.

Tunakuomba sana: usinunue matone ya deksamethazoni kwa ushauri wa muuza dawa. Steroidi ya macho bila kufuatiliwa huleta yenyewe presha ya jicho na mtoto wa jicho, na kama kuna kidonda cha hepesi kwenye konea hukifanya kibaya zaidi. Vivyo hivyo maziwa ya mama, mkojo na maji ya majani: visikaribie jicho hilo.

Kama baada ya miezi 3 bado anahitaji hata tone 1 au 2 kwa siku ili chembe zisirudi, ni wakati wa kuongeza methotreksati, si wakati wa kuendelea na matone mwaka hadi mwaka. Dozi ni 10 hadi 15 mg kwa kila mita ya mraba ya mwili, MARA MOJA KWA WIKI. Kwa mtoto wa kilo 16 ni kama 7 hadi 10 mg, yaani vidonge 3 au 4 vya 2,5 mg kwa wiki nzima. Akipewa kila siku kwa kukosea, anaweza kufa. Chagua siku moja, tuseme Jumapili jioni, iandike kwenye boksi, na dawa ishikwe na mtu mmoja tu nyumbani. Anapewa pia asidi ya foliki kwa siku nyingine, na damu hupimwa (chembe za damu, SGPT ya ini, kreatinini ya figo) kabla ya kuanza, baada ya mwezi 1 au 2, kisha kila miezi 3 au 4.

Hapa Congo kuna mtego ambao vitabu vya Ulaya havisemi kwa sauti ya kutosha: Bactrim (antibiotiki) na Fansidar (dawa ya malaria). Zote mbili hupigana na foliki kama methotreksati, na zikikutana nayo zinaweza kukausha uboho wa mifupa. Mtoto akipata kuhara au kikohozi, kila kituo cha afya kitakachomwona kiambiwe anakunywa methotreksati. Chanjo ya homa ya manjano na ya surua pia, muulize daktari kwanza.

Ipo dawa ya hatua ya juu, adalimumabu. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2017, uliofanywa kwa watoto 90 waliokuwa tayari kwenye methotreksati, ulionyesha inalinda jicho vizuri kuliko methotreksati peke yake. Ni sindano ya 20 mg kila wiki 2 kwa mtoto chini ya kilo 30. Ni ghali, inataka friji ya digrii 2 hadi 8 bila kukatika, na kifua kikuu kipimwe kwanza. Tunaitaja ili ujue jambo moja: ukipewa etanersepti badala yake, uliza tena. Hiyo hutuliza viungo lakini si dawa ya kutegemea kwa jicho.

Mdogo wake wa miezi tisa hahitaji kipimo chochote. Uwezekano wake ni mkubwa kidogo kuliko wa mtoto wa jirani, lakini bado ni mdogo. Familia zilizo nyingi zina mtoto mmoja tu mwenye ugonjwa huu. Akianza kutembea, mtazame asubuhi anapoamka. Kiungo kikivimba au akichechemea kwa wiki 6 bila kuanguka wala homa, mlete kwa daktari yule yule wa watoto, na siku hiyo hiyo mwandikie nafasi kwa daktari wa macho.